Alama Zilizofutwa kwa Nyundo

Ristana Naumova Kalajdzieva, wa mtaa wa soko la zamani karibu na mto Dragor, mjini Bitola, ni binti wa Naum, aliyepaka bati birika la askofu na sufuria la gereza siku moja, wala hakuna kati ya wawili hao aliyelalamika. Naum ni mwana wa Josif, aliyevuka milima kwa miguu mpaka mji wa Solun akiwa na beseni la shaba kichwani badala ya kofia, mvua ikimpigia ngoma njia nzima. Josif ni mwana wa Mitre, wa kwanza kuitwa Kalajdzi, yaani mpaka bati, fundi wa kuvipaka vyombo vya shaba bati, naye alikataa kuchanganya bati na madini ya risasi yenye sumu hata pale mteja alipomwekea bastola juu ya fuawe. "Piga," alimwambia, "lakini sufuria lako utalipeleka wapi?"

Watu wa ukoo huo waliweza kukosa mkate, lakini jina hawakukosa. Na Ristana alilibeba jina hilo kama mtu abebavyo maji kichwani, shingo wima.

Naum hakupata mtoto wa kiume. Alipata binti wanne, na Ristana ndiye wa kwanza. Kazi ya kupaka bati ina sehemu moja ambayo fundi mwenyewe hawezi kuifanya huku anaangalia moto: lazima mtu aingie ndani ya sufuria, miguu mitupu, akanyage mchanga na kitambaa kikuukuu, ajizungushe huku na huku kama anayecheza ngoma ya kiuno, mpaka shaba ya ndani ing'ae. Ndipo bati linashika. Kazi hiyo ilikuwa ya wavulana. Ristana aliingia akiwa na miaka tisa, sketi ameikunja mpaka magotini, na soko zima likaja kucheka. Alizunguka. Walipochoka kucheka wakaenda zao, yeye bado anazunguka.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Luna Hason, mtoto wa nyumba ya jirani, umri wao sawa. Alimwita Bata, kwa jinsi alivyotikisa nyuma ndani ya sufuria.

"Bata, nionyeshe nyayo."

Ristana alionyesha. Zilikuwa za kijani, kwa ile kutu ya shaba.

"Hata mchumba hutapata. Atafikiri amemwoa chura."

"Wewe utapata mchumba, atakimbia akisikia unavyokoroma. Ukuta wetu ni mmoja, shoga. Nasikia kila kitu."

Basi walikuwa hivyo. Ijumaa mama yake Luna, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Bojna, alioka mkate wa jibini na biringani kwenye sinia kubwa la shaba, na kipande cha pembeni, kile kilichoungua kidogo, kilikuwa cha Bata. Haikuwa sadaka. Jumamosi Wayahudi hawagusi moto, na Ristana ndiye aliyevuka ua asubuhi kuwawashia jiko.

Sasa, jambo la alama. Vyombo vikishapakwa bati vyote hufanana, na wanawake wakigombea sufuria husemana mpaka wafu makaburini. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na alama yake, iliyogongwa kwa tindo chini ya ukingo, mahali ambapo kidole huipata bila jicho kutazama. Nyumba ya mwokaji wa Kiyahudi: mistari mitatu. Nyumba ya kina Hason: nukta mbili na mwezi mchanga. Naum hakuwa na daftari. Daftari lilikuwa Ristana. Shuleni alikwenda miaka minne tu, lakini alipofika miaka kumi na miwili alizijua alama za nyumba zaidi ya mia mbili, akizitaja kwa kidole huku amefumba macho, na baba yake alipenda kumwonyesha kwa wateja kama wengine wanavyoonyesha farasi.

Kila mwaka, wiki kadhaa kabla ya Pasaka ya Wayahudi, karakana ilijaa mpaka mlangoni. Katika sikukuu ile hawapikii chombo ambacho hakijasafishwa upya, kwa hiyo shaba yote ya mtaa wao ilikuja kwa Naum. Mwaka 1943 vyombo viliwahi. Watu walikuwa na wasiwasi, na mwenye wasiwasi huwahisha kazi. Kufika mwanzo wa Machi, vyombo arobaini na kimoja, vya nyumba kumi na tisa, vilikuwa vimerundikwa nyuma ya mivukuto, vikingoja miguu ya Ristana.

Alfajiri ya tarehe kumi na moja askari wa Bulgaria, waliokuwa wameshika mji, wakaufunga mtaa. Theluji ilikuwa chini. Kulipopambazuka Wayahudi wote wa Bitola walikuwa njiani kuelekea stesheni, na vifurushi, na wazee juu ya mikokoteni. Njia ilipita mbele ya karakana. Naum alisimama mlangoni, Ristana nyuma ya bega lake. Luna hakuwamo, siku chache nyuma alikuwa ametoroka kwenda msituni kwa wapiganaji, na hata mama yake alijifanya hajui. Mama Bojna alipita akiwa amevaa makoti mawili, moja juu ya jingine. Alipofika usawa wa mlango aligeuka, na hakusema kwaheri wala hakulia.

"Naum," alisema, "vyombo vyangu."

"Vipo, Bojna," Naum alijibu. "Vipo."

Mama Bojna akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekumbuka kufunga dirisha, akaendelea na safari. Walipelekwa kwenye ghala la tumbaku Skopje, na kutoka pale kwenye mabehewa, kaskazini. Hakurudi hata mmoja wa waliopanda.

Naum alivipaka bati vyombo vyote arobaini na kimoja. Hakuna aliyemlipa, na bati wakati huo lilikuwa adimu kama sukari, lakini alivimaliza kabla ya siku ya Pasaka yao, akavitundika, akakaa chini yake kwenye kigoda siku nzima, mlango wazi. Jua lilipotua alivishusha, akavifukia nyuma chini ya magunia ya makaa.

Huko nje mambo yalikuwa mengine. Nyumba za waliochukuliwa zilinadiwa, na yaliyobaki watu wakajichukulia wenyewe. Magodoro yalipita barabarani mchana kweupe. Milango iling'olewa na bawaba zake. Mtu aliyekutana na jirani amebeba saa ya ukutani aliangalia pembeni, maana naye kwapani ana blanketi. Naum hakugusa kitu. Usiku na mchana aliwaambia binti zake: "Sisi hatukuchukua. Sisi tumewekewa." Na Ristana alitembea mjini akiwadharau wote. Mtu akimsalimu na shali jipya begani, alilitazama shali lile mpaka mwenyewe akalivua.

Kama hadithi ingeishia hapo, ingekuwa ya kusimuliwa harusini.

Mji ulikombolewa Novemba 1944. Majira ya baridi yalipokuwa yakiisha mpiga mbiu akapita: serikali mpya imeunda tume ya kutafuta mali zilizochukuliwa kwa Wayahudi. Kila aliye na chombo chao, kitanda chao, shuka yao, akiseme. Atakayeonekana nacho bila kusema atahukumiwa kama mnyang'anyi na msaidizi wa adui. Watu walikuwa wameshapigwa risasi kwa maneno madogo kuliko hayo.

Naum, mjukuu wa Mitre asiyeogopa bastola, aliogopa. Karatasi ya amana hakuwa nayo. Shahidi hakuwa naye. Nani angeamini kwamba katika mji mzima uliojibebea, mpaka bati mmoja alikuwa na vyombo arobaini na kimoja kwa kuhifadhi tu?

"Watasema tuliiba," alisema.

"Tuwaambie ukweli, baba."

"Ukweli una sahihi ya nani? Bojna yuko wapi aje aseme?" Akatoa nyundo ndogo na tindo, lakini mikono yake ilikuwa inaruka. Akaviweka mbele ya Ristana. "Wewe una mkono. Zitoe alama."

Angeweza kukataa. Hilo ndilo jambo ambalo baadaye aligeuza na kugeuza kama sufuria chini ya miguu. Baba yake hakuwahi kumpiga. Neno moja la hapana lingetosha. Lakini alikuwa na miaka kumi na saba, na fahari yake ilikuwa kwamba hakuna kazi ya karakana inayomshinda. Akachukua nyundo. Alifanya kazi siku mbili, alama baada ya alama, akizilaza mpaka shaba ikawa laini kama ngozi ya tumbo. Alizifahamu zote. Kila moja, kabla ya kuipiga, kidole chake kilitaja jina la mwenyewe. Na alizifanya vizuri, hilo nalo. Hakuna fundi Bitola ambaye angezilaza vizuri kuliko vile.

Hakugundua alichofanya mpaka chombo cha mwisho, sinia la Mama Bojna. Alilishika mkononi likiwa halina nukta wala mwezi, akaona kwamba ni sinia tu. Lingeweza kuwa la mtu yeyote. Na kwa kuwa lilikuwa nyumbani kwao, basi lilikuwa lao. Waliingia kwenye kazi ile wakiwa watunza amana, wakatoka wakiwa wezi, na kilichowatoa ni nyundo yake.

Wiki mbili baadaye Luna alirudi.

Wiki mbili. Laiti Naum angezivumilia, angemfungulia mlango na kumwambia: mwanangu, vipo, hesabu. Badala yake alipoambiwa kwamba binti wa Hason ameonekana stesheni, na bunduki na buti za kiume, alikaa kwenye kigoda akafunika uso kwa aproni.

Tume ilikuwa imeweka meza kwenye ua wa shule. Walichokusanya kilikuwa pale kwa marundo: mito, vyerehani, vioo, na kilima cha shaba. Karani hakujua lipi la nani. Mtu akamwambia, "Muite Ristana wa Naum, yule ana alama zote kichwani." Akaitwa. Kwa siku nzima alisimama kwenye kilima kile, akipitisha kidole chini ya kila ukingo, akisema: hiki cha kina Pardo, hiki cha kina Aroesti, hiki cha mjane wa kona. Hakukosea hata mara moja. Karani aliandika, na jioni alisimama, akampa mkono mbele ya watu, akamwita raia mwaminifu. Majirani ambao masufuria yao yalikuwa yamechukuliwa na tume walimtazama vile alivyozoea yeye kuwatazama. Shingo ya Ristana siku ile ilimuuma.

Luna alikuwa kwenye foleni. Alikuwa amekonda, nywele zimekatwa kama za mwanajeshi. Alikizunguka kilima cha shaba mara mbili, akatikisa kichwa.

"Vyetu havimo, Bata."

Ristana alifungua mdomo. Karani alikuwa hatua tatu tu, neno lile, mwaminifu, bado bichi mdomoni mwake. Akasema, "Twende nyumbani ule."

Alisema kwa huruma, na huruma ndiyo iliyomponza, maana hakuwahi kutangulia mbele kumwonya mama yake. Mama yake alikuwa ameoka mkate wa mboga. Mgeni akikaa, chakula kinakuja mezani na chombo kilichookewa, kikatiwe pale pale kikiwa moto. Hiyo ndiyo heshima, kuhamishia kwenye sahani ni uchoyo. Kwa hiyo sinia likaja, lile lile la Mama Bojna, ambalo mama yake alikuwa ameanza kuliokea. Likawekwa katikati ya meza, mbele ya Luna Hason, na Naum akabaki na kijiko hewani.

Luna alilitazama. Masinia yanafanana. Akanyoosha mkono kana kwamba analisogeza karibu, na kidole gumba kikapita chini ya ukingo, polepole, kutoka huku mpaka huku. Kikafika mahali. Kikasimama. Kikapita tena, pale palipokuwa laini mno.

Naum akakiweka kijiko chini.

"Una mkono mzuri wa unga, mama," Luna alimwambia mama yake Ristana. Akakata kipande cha pembeni, kile kilichoungua kidogo. Akala. Akakata kingine, akakiweka kwenye sahani ya Ristana. "Kula, Bata. Mbona huli?"

Ristana akala. Mpaka uzee wake hakuwahi kula kitu kigumu kumeza kama kile, na kilikuwa mboga na jibini tu.

Luna alilala usiku ule kwa jamaa mmoja wa wapiganaji, kesho yake akarudi kwenye meza ya tume, akajaza karatasi, na baada ya miaka mitatu ikasikika amesafiri kwenda Palestina na mabaki ya watu wake. Hakuaga upande ule wa ukuta.

Mwaka huohuo aliosafiri Luna, Ristana aliolewa. Desturi inataka vyombo vya bibi harusi vitundikwe ukutani siku tatu, mtaa uje uone. Naum alitundika vyombo kumi na vinne. Nani atamwoa binti wa mpaka bati bila shaba? Wageni waliingia, wakatazama, wakasema heri, heri. Walijua. Mpaka bati mwenye binti wanne hana shaba ya namna ile. Lakini kila mmoja alikuwa na lake nyumbani, na siri ya mtungi aijuaye kata. Bibi mmoja tu kizee, asiyekuwa na meno wala la kupoteza, alisema kwa sauti: "Naum, mti huu wenu huzaa masufuria?" Watu wakacheka kwa adabu. Ristana hakucheka. Aliuinua uso juu zaidi, na hivyo ndivyo picha ya harusi inavyomwonyesha, mzuri, mkavu kama kuni.

Naum alikufa bila kulitaja. Vyombo vingine vilikwenda kwa dada zake, vingine vilichakaa, viwili vyake viliuzwa mwaka wa njaa. Vilibaki kumi na viwili kwenye ukuta wa jiko lake. Kila mwaka, kabla ya Pasaka ya Wayahudi, alivisugua na kuvipaka bati upya, hata alipobaki peke yake katika mji mzima anayejua kazi hiyo. Mumewe, marehemu Ilo, alidhani ni fahari. Watoto walidhani ni uzee. Hakuvipikia hata siku moja.

Ndipo, mwaka wa 2004, Septemba, pilipili zikichomwa kwenye kila ua, akaja mtumishi mmoja wa serikali.

Aliitwa Zaharinka, mwanamke wa makamo, viatu vya chini, mfuko umejaa karatasi. Ofisi yake ilikuwa inatafuta nyumba na viwanja vya Wayahudi ambao warithi wao hawajulikani, na nyumba ya kina Hason, ambayo sasa ilikuwa ghala la mbao, ilikuwa na ukuta mmoja na ya Ristana. Alitaka kujua mpaka ulipita wapi.

"Ukuta ni huu unaouegemea," Ristana alisema. "Kunywa kahawa, mwanangu, isipoe."

Mjukuu wake Kalina alikuwepo pia, amepiga magoti sakafuni na riboni nyeupe, kwa sababu harusi yake ilikuwa baada ya majuma mawili, na Alhamisi mama mkwe na shangazi za bwana harusi walikuwa wanakuja kuona vyombo. Vyombo vile vile kumi na viwili. Kalina alikuwa akivifungia riboni kwenye masikio.

"Shaba nzuri hiyo, bibi," Zaharinka alisema.

"Ya harusi yangu."

Lilitoka lenyewe, kama lilivyotoka miaka yote.

Zaharinka alipekua karatasi. "Kuna jambo la ajabu kidogo kwenye faili la Hason. Si kazi yangu, fomu zetu za sasa hazina mstari wa vyombo vya jikoni. Nyumba, maduka, mashamba, basi. Lakini zile za mwaka arobaini na tano waliandika kila kitu, hata vijiko. Binti yao aliandika hivi." Akavaa miwani, akasoma kama anavyosoma kila siku, bila kuinua macho:

"Sinia moja kubwa, masufuria manne, birika. Vipo kwa Naum mpaka bati. Nimekula kwake, wamenipa chakula kizuri. Sividai. Luna Hason."

Akageuza karatasi. "Naum huyu ni ndugu?"

Kalina alikuwa bado anafunga riboni. Wasemao njia ya mwongo ni fupi hawakumjua Ristana. Yake ilikuwa ya miaka hamsini na tisa, na mwisho wake ulikuwa pale mezani, kwa mwandiko wa penseli. Jina la Naum mpaka bati lilikuwa limelala kwenye kabati la serikali muda wote huo. Karani yule yule aliyemwita mwaminifu bila shaka alikuwa ameisoma karatasi hiyo. Na Luna alikuwa amewaachia. Hakuwashtaki, hakuwasamehe. Aliwaacha tu navyo, kama mtu anavyomwachia mwenye njaa.

"Ni baba yangu," Ristana alisema. "Kalina, fungua riboni."

"Bibi?"

"Fungua. Nipe lile sinia."

Aliligeuza juu ya mapaja yake, akaushika mkono wa Zaharinka, kidole chake akakiweka chini ya ukingo. "Unasikia nini hapo?"

"Sisikii kitu. Laini."

"Ndiyo. Hiyo ni kazi yangu."

Akawasimulia. Hakulia na hakujipunguzia. Alipofika kwenye neno la Mama Bojna mlangoni aliomba maji, akaendelea. Alisimulia nyundo, kilima cha shaba, na mkate. Kahawa ikapoa. Alipomaliza, Zaharinka alivua miwani.

"Bibi, mimi sijui niandike wapi. Kweli. Fomu haina nafasi."

"Una mgongo wa karatasi?"

"Ninao."

"Andika kwenye mgongo. Andika Ristana, siyo Naum. Baba aliogopa. Mimi nilipiga."

Zaharinka akaandika. Ilimchukua muda, na Ristana alimsahihisha mara mbili, maana mtumishi aliandika "tulifuta", yeye akataka "nilifuta". Kisha mtumishi yule akakusanya karatasi zake, akasema anwani ya mwisho ya Luna aliyonayo ni ya Yafa, ya mwaka arobaini na tisa, akaiacha kwenye kipande cha karatasi, na akambusu yule mzee mkono. Ristana aliuvuta mkono.

Mlango ulipofungwa Kalina alisema, kwa sauti ndogo, "Alhamisi wanakuja, bibi."

"Najua."

"Ukutani nitaweka nini?"

"Weka ukuta."

"Watasema nimetoka mikono mitupu. Unamjua shangazi yake. Atazungumza mpaka Krismasi."

"Mwache azungumze. Mimi walinisifu, na ona nilivyokaa." Akajiinua, akaenda kwenye sanduku chini ya dirisha, akatoa nyundo ndogo na tindo, vimefungwa kwenye aproni ya Naum. "Kaa hapa. Mkono wangu unaruka sasa, kama wa baba. Nitakuonyesha, utagonga wewe."

Kalina hakukaa. Alisimama na riboni zake mkononi, macho yamejaa, akiutazama ukuta ambao tangu utotoni aliambiwa ni wake. Ristana hakumharakisha. Pilipili ziliendelea kunukia kutoka uani. Mwishowe msichana alizikunja zile riboni, moja moja, akaziweka mfukoni, akaketi.

"Nukta ngapi?"

"Mbili. Karibukaribu, kama macho ya paka. Halafu mwezi mchanga, tumbo lake chini. Usigonge kwa hasira, shaba itapasuka."

Alama ya kwanza ilikaa upande. Ya mwezi ilikuwa mbaya zaidi. Ristana alipitisha kidole, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliipokea kazi mbovu bila kuitolea neno.

"Vingine kumi na kimoja nitakutajia," alisema. "Vitano vya kina Pardo na Aroesti, vitatu vya mjane, birika la Hason, viwili vya mwokaji. Umeshika? Vya dada zangu utawaendea watoto wao, utawaomba. Watakutukana, wewe omba. Kisha umtafute Luna. Kama hayupo, mtoto wake. Kama hana mtoto, yeyote wa jina lake. Msamaha usiombe, huo ni wangu na sikuuomba wakati wake. Wewe ukifika mlangoni sema neno moja tu: vipo."

"Na wakisema hawavitaki?"

"Alishasema hivyo mara moja, kwa sababu tulimpa chakula." Ristana alimsogezea sufuria la kwanza la mjane. "Ukirudi navyo, hutavipikia. Kila mwaka kabla ya Pasaka yao utavipaka bati. Vua viatu, nikuonyeshe mguu unavyokaa."